Changamoto za Kunyamazisha Jeni katika Minyoo ya Mifugo na Maana Yake kwa Afya ya Binadamu

Mfugaji anayevuta chini ukope wa mbuzi au kondoo wake na kukuta utando wa ndani umepauka hupata habari muhimu bila hadubini wala kemikali: mnyama huyo anapungukiwa damu. Katika maeneo yenye joto na mvua, kisababishi cha mara kwa mara ni mnyoo uitwao Haemonchus contortus, unaoishi katika tumbo la nne la wanyama wanaocheua. Mhudumu wa afya naye huvuta ukope wa mtoto au wa mama mjamzito kwa sababu hiyohiyo, na mojawapo ya visababishi anavyovifikiria ni minyoo ya safura, ambayo ni jamaa wa karibu wa mnyoo huo wa mifugo.

Undugu huo ndio unaofanya utafiti wa minyoo ya mifugo uwahusu pia watu wa tiba. Dawa zinazotumika pande zote mbili hutoka katika makundi machache yaleyale, na kwa upande wa mifugo makundi hayo yameanza kushindwa kazi. Ili dawa au chanjo mpya ipatikane, sharti ijulikane ni jeni zipi ambazo mnyoo hauwezi kuishi bila hizo. Mbinu ya kunyamazisha jeni ilipogunduliwa, wengi waliona kuwa jibu la swali hilo limekaribia. Makala haya yanaeleza mbinu hiyo, sababu zilizoifanya isifikie matarajio katika minyoo ya mifugo, na jinsi matokeo yake yanavyopaswa kusomwa.

Mnyoo na hasara yake

Mnyoo jike uliokomaa huwa na urefu wa milimita 20 hadi 30. Utumbo wake uliojaa damu hujisokota pamoja na mirija ya uzazi iliyo meupe, hata mnyoo mzima ukaonekana kama kamba ya rangi mbili. Hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi na kuanguliwa malishoni, kisha lava hukua hadi kufikia hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayoambukiza. Mnyama humeza lava hizo pamoja na majani, na baada ya takriban wiki 3 minyoo mipya huanza kutaga.

Kila mnyoo hukadiriwa kumpotezea mnyama mililita 0.05 za damu kwa siku. Kiasi hicho ni kama tone moja tu, lakini kondoo mwenye minyoo 5,000 hupoteza robo lita kila siku. Utando wa macho hupauka, maji hujikusanya chini ya taya, mnyama hudhoofu, na mara nyingine hufa ghafla kabla hata hajakonda. Kwa familia ambayo mbuzi wake wachache ndio akiba ya ada ya shule na ya gharama za matibabu, kifo cha mnyama huyo ni pigo kwa afya ya watu pia.

Kwa miongo mingi kinga kuu imekuwa dawa: kundi la benzimidazoli, ambamo mna albendazoli, kundi la levamisoli, na kundi la ivermektini. Minyoo imejifunza kuzistahimili zote. Kwa benzimidazoli, badiliko la kiungo kimoja tu katika protini ya mnyoo iitwayo beta-tubulini, kwenye nafasi ya 167, 198 au 200, hutosha kuifanya dawa isishike pale inapopaswa kushika. Usugu wa namna hiyo umeripotiwa katika mabara yote yanayofuga kondoo na mbuzi, zikiwamo Kenya na Tanzania. Dawa mpya, monepanteli, iliingia sokoni New Zealand mwaka 2009. Kufikia mwaka 2013 tayari minyoo sugu dhidi yake ilikuwa imeripotiwa nchini humo humo.

Binadamu hayuko mbali na tatizo hili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban watu bilioni 1.5 wana minyoo inayoenezwa kwa udongo, na kampeni za kuwapa watoto wa shule dawa za minyoo hutegemea albendazoli na mebendazoli, dawa za kundi lilelile. Ivermektini nayo ilianza kutumika kwa mifugo mwaka 1981 kabla ya kuwafikia wagonjwa wa upofu wa mtoni mwaka 1987. Ilivyotokea malishoni inaweza kutokea vijijini, na ndiyo maana utafutaji wa dawa mpya hauwezi kusubiri.

Kunyamazisha jeni ni nini

Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Maelekezo hayo hukaa katika DNA, ndani ya kiini cha seli, mfano wa daftari kuu lisiloruhusiwa kutoka ofisini. Seli inapohitaji protini fulani, hunakili ukurasa unaohusika katika kipande kiitwacho RNA mjumbe. Nakala hiyo hutoka nje ya kiini, husomwa, na protini ikatengenezwa kwa kuifuata.

Kunyamazisha jeni hakugusi daftari. Hulenga nakala. Mtafiti hutengeneza RNA yenye nyuzi mbili, ambayo mpangilio wake unalingana na wa jeni anayoikusudia. Ikiisha kuingia ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho Dicer huikatakata kuwa vipande vifupi vya herufi zipatazo 21 hadi 23. Kila kipande hupakiwa katika protini za jamii ya Argonaute, ambazo hukitumia kama kielelezo cha kuitambua RNA mjumbe inayofanana nacho na kuiharibu. Jeni ingali ipo, lakini amri zake hazifiki, imenyamazishwa.

Ugunduzi huo ulitangazwa mwaka 1998 na Andrew Fire, Craig Mello na wenzao nchini Marekani, na ukawapatia wawili hao Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba mwaka 2006. Kiumbe walichokitumia kilikuwa mnyoo: Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja, anayeishi huru bila kumtegemea mnyama mwingine na kula bakteria. Muda mfupi baadaye ilionekana kwamba hata sindano si lazima. Mnyoo huo ukilowekwa katika majimaji yenye RNA ya nyuzi mbili, au ukilishwa bakteria walioandaliwa kuitengeneza, jeni hunyamaa mwilini mwake mwote, na mara nyingi hata katika watoto wake. Mwaka 2003 watafiti wa Cambridge walikamilisha mkusanyo wa bakteria wa kunyamazishia takriban asilimia 86 ya jeni zote za mnyoo huo, moja baada ya nyingine.

Tumaini lililofuata lilikuwa la haki. Haemonchus na C. elegans ni minyoo ya tawi moja kubwa la ukoo wa minyoo ya mviringo, na minyoo ya safura imo humo pia. Ikiwa mmoja hunyamazishwa jeni kwa kulishwa tu, kwa nini jamaa yake asifanyiwe hivyo? Jaribio lingekuwa jepesi: jeni hunyamazishwa, mnyoo huangaliwa kama unakufa, na ukifa jeni hiyo huandikwa katika orodha ya shabaha za dawa.

Mambo hayakwenda hivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, jeni 11 za Haemonchus zilijaribiwa kwa njia tatu: kulisha, kuloweka, na kupitisha mshtuko mfupi wa umeme ili kufungua vijitundu katika ngozi ya lava. Ni jeni mbili tu zilizoonyesha kupungua kwa RNA mjumbe, mojawapo ikiwa ile ya beta-tubulini. Vizuizi vilivyojitokeza vinaweza kupangwa katika makundi manne.

Kizuizi cha kwanza: RNA haiingii wala haisambai

Uwezo wa C. elegans kunyamazishwa kwa chakula si tabia ya kila mnyoo. Unategemea vifaa maalumu. Protini iitwayo SID-2, iliyo katika ukuta wa utumbo, hupokea RNA ya nyuzi mbili kutoka katika chakula. Nyingine, SID-1, huipitisha kutoka seli moja hadi nyingine. Umuhimu wa mlango huo unaonyeshwa na Caenorhabditis briggsae, mnyoo ulio jamaa wa karibu kabisa wa C. elegans. Huu ukilowekwa katika RNA, hakuna kinachotokea. Ukidungwa RNA hiyohiyo kwa sindano, jeni hunyamaa. Watafiti walipoupa SID-2 ya C. elegans, ulianza kuipokea RNA kwa chakula. Kumbe mitambo ya ndani ilikuwa salama. Kilichopungua kilikuwa mlango.

Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliotafuta protini 77 zinazohusika na unyamazishaji katika aina 13 za minyoo, zikiwamo zinazoishi ndani ya wanyama na mimea. Sehemu kubwa ya mitambo ya ndani ilionekana kuwapo. Upungufu mkubwa ulikuwa katika protini za kupokea RNA na kuisambaza. Hata hivyo upungufu huo peke yake hauelezi kila kitu, kwa kuwa baadhi ya minyoo isiyo na protini hizo hunyamazishwa vizuri, na mingine hukaidi.

Lava wa hatua ya tatu huongeza ugumu. Ndiye anayepatikana kwa wingi, kwani hukusanywa kutoka katika kinyesi na huweza kuhifadhiwa kwa miezi. Lakini kwa asili yake amefunikwa na ganda la hatua iliyopita na hali chakula. Maabarani ganda hilo huweza kuvuliwa kwa kemikali, na mshtuko wa umeme huweza kulazimisha RNA ipenye, ila lava aliyejeruhiwa na mshtuko hufa kwa sababu isiyohusiana na jeni inayochunguzwa.

Kizuizi cha pili: mahali jeni inapofanyia kazi

Watafiti wa Scotland walioendelea kuuchunguza mnyoo huu waliona mpangilio fulani katika matokeo yaliyoonekana kuwa ya kubahatisha. Jeni zilizonyamaa zilikuwa zile zinazofanya kazi katika sehemu zinazogusana na mazingira ya nje: utumbo, seli ya utoaji taka, na viungo vya hisia vilivyo kichwani. Jeni zinazofanya kazi ndani zaidi, katika tishu zisizofikiwa na majimaji ya nje, kwa kawaida hazikutikisika.

Maana yake ni kwamba orodha ya jeni zinazoweza kuchunguzwa huwekewa mpaka na umbo la mnyoo kabla mtafiti hajachagua. Jeni za misuli au za uzazi zinaweza kuwa shabaha bora za dawa, lakini zikawa nje ya uwezo wa mbinu hii kwa namna inavyotumika sasa.

Kizuizi cha tatu: mnyoo usiofugika nje ya mnyama

C. elegans huishi katika kisahani, hukomaa kwa takriban siku 3, na huzaa mamia ya watoto. Haemonchus huhitaji kondoo au mbuzi. Maabarani lava anaweza kusogezwa hadi hatua ya nne kwa kuandaliwa majimaji, joto na hewa vinavyofanana na vya tumboni, lakini hakui akafikia kutaga mayai na kuendeleza kizazi. Hivyo jeni ambayo kazi yake huonekana katika mnyoo uliokomaa pekee, kwa mfano ile ya kufyonza damu, haina pa kuonyeshea pengo lake katika kisahani.

Zaidi ya hayo, minyoo iliyotolewa mwilini mwa mwenyeji huanza kudhoofu yenyewe. Ikifa baada ya siku chache katika majimaji yenye RNA, lazima iulizwe kama imeuawa na unyamazishaji, na kiasi cha RNA kilichotumika, au na maisha ya kisahani. Ndiyo sababu jaribio la kuaminika huwa na kundi la kulinganishia lililopewa RNA isiyolingana na jeni yoyote ya mnyoo. Bila kundi hilo, vifo havisemi lolote.

Tofauti za kurithi nazo zina nafasi yake. Haemonchus ina tofauti nyingi mno za kijeni ndani ya spishi moja, hata miongoni mwa minyoo ya kondoo mmoja. Matokeo ya kabila moja la mnyoo yanaweza yasijirudie katika kabila la maabara nyingine, na kurudia ndiko msingi wa sayansi.

Kizuizi cha nne: nakala hupotea, protini hubaki

Hata pale RNA mjumbe inapopungua sana, protini zilizotengenezwa kabla ya jaribio zingali mwilini. Baadhi hudumu kwa siku nyingi. Mnyoo unaweza kuishi kwa akiba hiyo mpaka athari ya unyamazishaji ikaisha yenyewe. Aidha, jeni nyingi za minyoo hii ni za ukoo mpana: moja ikinyamazishwa, dada zake hushika nafasi yake. Kwa hiyo mtafiti hana budi kupima vitu vitatu, yaani RNA mjumbe, protini yenyewe, na hali ya mnyoo. Aliyepima kimoja tu hajamaliza kazi.

Jibu la «hakuna» lisomwe namna gani

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo zima. Mtafiti ameloweka lava, amesubiri, na mnyoo umeendelea kuchezacheza kama kawaida. Je, aandike kwamba jeni hiyo si muhimu?

Mhudumu wa maabara ya kituo cha afya analijua jibu kutokana na kazi yake ya kila siku. Kipimo cha malaria kwa hadubini kikionyesha hakuna vimelea, jibu hilo lina thamani ikiwa tu tone la damu lilichukuliwa vizuri, rangi ilikuwa nzima, na msomaji alitazama sehemu za kutosha. Damu ikiwa imesambazwa vibaya kwenye kioo, jibu la «hakuna» huwa ni habari ya kioo, si ya mgonjwa. Vivyo hivyo, mnyoo usiodhurika huwa ni habari ya RNA isiyofika mpaka ithibitike kwamba ilifika. Kwanza ionyeshwe kuwa RNA mjumbe imepungua, na protini pia. Hapo tu ndipo uzima wa mnyoo unapokuwa ushahidi kwamba jeni hiyo inaweza kukosekana.

Tahadhari hiyo si ya kinadharia. Shabaha njema ya dawa inaweza kufutwa kwenye orodha kwa sababu ya jaribio lisiloingia mwilini mwa mnyoo, na miaka ikapotea. Kinyume chake, shabaha mbaya inaweza kupandishwa daraja kwa sababu minyoo ilikufa kwa mshtuko wa umeme. Makosa yote mawili hulipiwa na wafugaji na wagonjwa, si na kisahani cha maabara.

Jaribio lililofanikiwa: jeni ya H11

Mfano ulio wazi zaidi wa mafanikio unatoka kwa watafiti hao hao wa Scotland na ulichapishwa mwaka 2011. Walichagua H11, kimeng'enya cha kusaga protini kilicho katika ukuta wa utumbo wa Haemonchus. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara kwa sababu mbili: utumbo ni sehemu inayofikika, na H11 ilikuwa imekwisha kujulikana kuwa kondoo aliyechanjwa kwayo hupata kinga kubwa.

Lava walilowekwa katika RNA inayolingana na jeni ya H11, kisha wakapewa kondoo. Badala ya kutegemea kisahani, watafiti walimwachia mnyama mwenyewe kazi ya kukuza minyoo. Ikilinganishwa na kondoo waliopewa lava wa kundi la kulinganishia, idadi ya mayai katika kinyesi ilipungua kwa asilimia 57, idadi ya minyoo kwa asilimia 40, na utendaji wa kimeng'enya hicho kwa asilimia 64. Ngazi zote zilipimwa, na zote zilielekea upande mmoja.

Jaribio hilo halikuwa tiba, kwani lava walinyamazishwa kabla ya kuingia mwilini, jambo lisilowezekana malishoni. Thamani yake ni kuthibitisha kwamba jeni ya H11 ni muhimu kwa uhai wa mnyoo, na kwamba mbinu inaweza kuaminika panapofuatwa masharti yake. Chanjo yenyewe ilifuata njia nyingine: mwaka 2014 Australia ilisajili Barbervax, yenye H11 na protini nyingine za utumbo wa mnyoo. Kingamwili za kondoo humezwa na mnyoo pamoja na damu na kuushambulia utumbo wake. Protini hizo bado huvunwa kutoka katika minyoo halisi ya kondoo walioambukizwa kwa makusudi, na kwa kuwa hubaki zimefichika utumboni mwa mnyoo, maambukizi ya kawaida hayaikumbushi kinga ya mnyama. Chanjo hulazimika kurudiwa.

Minyoo bapa ilivyotofautiana

Inastahili kutajwa kwamba ukaidi huu ni wa minyoo ya mviringo zaidi kuliko ya aina nyingine. Mnyoo bapa wa ini, Fasciola hepatica, unaoharibu maini ya ng'ombe na kondoo na mara nyingine ya watu, hupokea RNA kwa urahisi. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba minyoo michanga iliyonyamazishwa vimeng'enya vyake vya kusaga protini hupungukiwa na uwezo wa kupenya ukuta wa utumbo wa panya. Minyoo ya kichocho ni mitiifu zaidi: mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kunyamazisha jeni zaidi ya 2,000 za Schistosoma mansoni. Tofauti hiyo inathibitisha kwamba wazo la msingi halina kasoro. Kinachohitajika ni kumjua kila mnyoo kwa tabia zake.

Je, unyamazishaji utakuwa dawa?

Kwa binadamu, dawa za kunyamazisha jeni si ndoto tena. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha patisirani kwa ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva, na inklisirani ya kushusha lehemu hudungwa mara 2 kwa mwaka baada ya dozi za mwanzo. Lakini dawa hizo zinalenga ini la mgonjwa mwenyewe, kiungo kinachopokea damu nyingi na kinachofikika kwa kufunga RNA ndani ya vifuko vya mafuta au kuiunganisha na sukari maalumu.

Mnyoo wa tumboni ni kiumbe kingine ndani ya mwili wa mwingine. RNA iliyonyweshwa mbuzi hukutana kwanza na tumbo kubwa lililojaa vijidudu na vimeng'enya vinavyoisaga, kisha asidi ya tumbo la nne, kisha ngozi ya mnyoo, na mwisho mlango ambao huenda mnyoo hauna. Kila kituo hula sehemu yake. Juu ya hayo kuna gharama: dawa ya mbuzi sharti iwe rahisi kuliko mbuzi. Hadi sasa hakuna dawa ya minyoo inayotumia mbinu hii iliyo sokoni, iwe ya mifugo au ya watu, na mgonjwa au mfugaji anayeuziwa kitu kwa maneno hayo anadanganywa.

Yanayoweza kufanyika leo

Wakati maabara zikitafuta mlango wa mnyoo, jukumu la kulinda dawa zilizopo limo mikononi mwa watumiaji. Mfugaji apime au akadirie vizuri uzito wa mnyama kabla ya kunywesha, kwani dozi pungufu huua minyoo dhaifu na kuacha iliyo sugu. Wanyama wenye utando wa macho uliopauka watibiwe kwanza. Kuwanywesha wote mara kwa mara bila kuwaangalia huwapa minyoo sugu malisho peke yao. Ndama, wana-mbuzi na wana-kondoo waangaliwe kwa karibu zaidi, na malisho yapumzishwe inapowezekana. Dawa ikionekana kutofanya kazi, mtaalamu wa mifugo ahusishwe na kinyesi kipimwe mayai kabla na baada ya tiba.

Wahudumu wa afya wasisitize kwamba dawa za mifugo si za watu, hata pale jina la dawa linapofanana, kwa sababu kipimo na ukolezi wake hutofautiana. Dawa za minyoo zinazotolewa shuleni na kliniki zingali na manufaa na zimezwe kama zilivyoelekezwa, sambamba na matumizi ya choo, uvaaji wa viatu na kunawa mikono. Mgonjwa ambaye upungufu wake wa damu haubadiliki baada ya tiba achunguzwe upya badala ya kurudishiwa dawa ileile kwa mazoea.

Hitimisho

Kunyamazisha jeni kumewafundisha watafiti wa minyoo ya mifugo unyenyekevu. Mbinu iliyozaliwa katika mnyoo mmoja ilikataa kuhamia kwa jamaa yake, si kwa sababu kanuni ilikuwa ya uongo, bali kwa sababu ujumbe haukufika mahali pake. Palipo na njia, kama utumboni, na palipo na mnyama mwenyeji wa kukuza mnyoo, mbinu imetoa majibu yaliyo imara. Kwingineko imetoa kimya, na kimya hicho hakitoshi kuihukumu jeni. Kupima kwanza kama RNA imefika, ndipo kuhukumu, ndilo sharti litakalozuia shabaha njema zisitupwe, wakati ambapo dawa zilizobaki kwa mbuzi na kwa watoto wa shule zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.